Kanali Hakusikia

London, 19 Juni 1915

Dada yangu mpendwa Keziah,

Salamu zangu za upendo zikufikie wewe, Mama, shemeji Theodore na watoto wote. Mimi hapa sijambo, namshukuru Mungu. Goti la Mama linaendeleaje na mvua hizi? Najua wakati huu mabati yenu yanapigwa ngoma kutwa kucha na shuka hazikauki kambani. Mwambie asipande kile kilima cha kanisani peke yake. Mungu anamsikia hata akikaa kibarazani.

Kifurushi chako kilifika salama, tangawizi, pilipili na ile ogiri yetu ya mbegu zilizochachushwa, yenye harufu kali. Mama Pargeter, mwenye nyumba ninayokaa, alizunguka akinusa kila pembe kutafuta panya aliyeoza chini ya sakafu. Nilikaa kimya nikala mchuzi wangu kwa amani. Ndicho chakula cha kwanza kilichonishuka vizuri tangu majira ya baridi.

Lakini barua yako, Dada, haikunishuka. Unasema Mama amekwisha kutangaza kanisani kwamba mwanawe ni afisa wa Mfalme, na kwamba mke wa Mchungaji Tuboku anakuuliza kila Jumapili, kwa ile sauti yake ya asali, picha ya afisa iko wapi. Unasema kimya changu kimewafanya mdhani nimekufa au nimeoa. Sijafanya lolote kati ya hayo. Mpe Theodore mtoto amshike, uketi mahali penye utulivu, nikueleze yote. Usimsomee Mama kwanza. Isome mwenyewe, kisha uamue utakavyomwambia, maana ninaandika nikiwa na hasira, na mwenye hasira hachagui maneno.

Unakumbuka nilikuandikia kwamba vita vilipoanza, vijana wa Temple, mtaa wetu wa mawakili, walifunga vitabu vyao wakaenda kujiandikisha. Kipo kikosi cha kujitolea cha wanasheria peke yao: mawakili, makarani wa mawakili, wana wa majaji, hata majaji wa baadaye, Mungu na Mfalme wakipenda. Hapo mtu huingia kama askari wa kawaida, akafundishwa, na akifaa hupewa uafisa na kupelekwa kwenye majeshi mengine. Uandikishaji ulifanyika katika ukumbi uleule nilimokula chakula cha jioni miaka yote ya kusomea uwakili, chini ya zile picha za wazee wenye mawigi. Nilijipanga foleni kama wenzangu.

Sajini Tulk ndiye aliyekuwa akiuliza majina. Huyu ni askari wa zamani wa vita vya Wazungu kule kusini mwa Afrika, mwenye masharubu kama brashi ya viatu, aliyeitwa kutoka kwenye kustaafu kwake aje kuwatia adabu watu wa sheria. Niliposema Metzger, kalamu yake ilisimama, na foleni nzima ikageuka kunitazama. Majuma yale watu walikuwa wakivunja vioo vya maduka ya nyama kwa sababu mwenye duka ana jina la Kijerumani. Tulk akaniangalia toka juu hadi chini, akasema, "Mimi nimeona Wajerumani wengi, bwana, lakini huyu kaungua kupita kiasi." Foleni ikacheka, nami nikacheka. Nikaeleza kwamba Babu alitolewa katika meli ya watumwa na manowari za Kiingereza, akafikishwa kwetu Freetown akiwa mtoto asiye na mtu, na mmisionari wa Kijerumani ndiye aliyembatiza na kumpa jina lake kwa kuwa hakuwa na kingine cha kumpa.

Kanali Venning alikuwa amesimama karibu. Huyu ni Wakili wa Mfalme, na mwaka juzi nilimsaidia katika ile kesi ya shehena ya mawese niliyokusimulia. Akaja akanishika bega mbele ya wote, akamwambia Tulk aandike. Akasema, "Metzger ni mwenzetu wa ukumbini. Hakuna wa kuuliza zaidi." Dada, siku ile nilirudi nyumbani ninatembea kama mtu aliyepewa shamba. Ndipo nilipoandika ile barua iliyomfikisha Mama kwenye matangazo yake.

Tulipelekwa Aldcombe, mji mdogo wa mashambani, tukalala kwanza kwenye mabanda ya farasi, kisha kwenye mahema. Ungecheka. Watu waliozoea kuletewa chai na karani walikuwa wakimenya viazi na kulumbana kama ganda ni sehemu ya kiazi kisheria. Tukiambiwa chimbeni handaki hapa, daima alitokea mmoja wa kuuliza ardhi ni ya nani na idhini imetolewa na nani. Tulk alikuwa akipiga kelele, "Chimba, bwana! Mjerumani hatakuja na ombi la kuahirisha kesi!" Tukilenga shabaha tukakosa, alitushauri tumpelekee adui hati ya wito, pengine ingempata.

Niliufanya ule uaskari kwa moyo wote. Unajua nilivyokuwa nikizurura milimani na Baba, Mungu amrehemu, alipokuwa akipima ardhi. Ramani kwangu ni kama uso wa mtu ninayemfahamu. Nikapewa tepe ya ukoplo, nikawa ninawafundisha wenzangu kusoma ramani. Siku jenerali alipokuja kukagua, kundi langu ndilo pekee lililotokea nyuma ya kinu cha maji mahali lilipotakiwa kutokea. Makundi mengine yalipatikana jioni, moja likiwa kwenye kilabu cha pombe. Jenerali aliuliza jina langu. Kanali alilitaja kwa sauti ya mtu anayeonyesha farasi wake.

Katika kundi langu alikuwamo Godfrey Ansell, wakili wa rika langu, tuliyelala hema moja. Mtu mpole, mcheshi, asiyeweza kupika hata maji. Siku moja ya jua kali, jambo la ajabu huku, tulikuwa tukichimba tukiwa tumevua mashati, nikamtania kwamba anageuka rangi upesi kuliko wenzake wanaowiva kama kamba wa kuchemsha. Alitazama nyuma na mbele, kisha akaniambia polepole kwamba mama wa nyanya yake alikuwa mwanamke wa Madras, kule India. Kwao hakuna picha yake. Jina lake hawalitaji. Aliniambia mimi kwa sababu, alisema, mimi ndiye mtu pekee pale kambini asiyeweza kumdharau kwa hilo. Nilimwambia asiwe na hakika sana, maana kwetu nako watu wa Madras ni wageni. Tukacheka, tukaendelea kuchimba.

Basi mwishoni mwa Machi tukapangwa uwanjani, yakasomwa majina ya waliopewa uafisa. Yakasomwa yote ya kundi langu, mmoja baada ya mwingine. Ansell akaitwa. Akaitwa hata Fanshawe, kijana wa watu ambaye nilimfundisha dira kwa majuma, na bado ukimwambia aelekee kaskazini atakuuliza ni upande wa kanisa au wa posta. Nikasimama kifua mbele ninangoja. Msomaji akakunja karatasi.

Nilidhani ni kosa la karani. Nikaomba kumwona Kanali. Alinikaribisha vizuri, akaniambia niketi, jambo ambalo askari haambiwi na kanali, na hapo ndipo nilipojua kwamba kuna ubaya. Akanifungulia kitabu cha kanuni za jeshi akaniwekea kidole. Maneno yenyewe, Dada, ni kwamba anayeomba uafisa lazima awe mtu wa asili safi ya Ulaya. Akasema kanuni si yake. Akasema imemuuma kuliko mimi. Nimekwisha kugundua kwamba kila anayekukanyaga mguu katika nchi hii huumia kuliko wewe.

Nikamuuliza, kwa adabu, safi kwa kipimo gani. Je, ni vizazi viwili, vinne, au ni tangu Nuhu? Nani amepima mabwana wengine wote wa kikosi hiki? Nikamkumbusha kwamba sheria ileile inamruhusu mtu mweusi kujiandikisha na kufa. Kinachokatazwa ni kumwambia Mzungu afie wapi. Kanali akafunga kitabu. "Metzger," akasema, "hapa ni kambini, si mahakamani." Nikamjibu kwamba nilikuwa nimeambiwa kikosi hiki ni cha watu wa mahakama.

Ndipo akaniletea alichokiita habari njema. Kwa kuwa mimi ni mwalimu bora wa ramani, nitapandishwa niwe sajini, nibaki palepale Aldcombe mpaka vita viishe, nikiwafundisha vijana watakaokuja. Umeelewa, Dada? Nimfundishe mtoto kuwa afisa, kisha siku akifuzu nimpigie saluti. Na akija mwingine, nianze upya. Alinipa mkono nilipoondoka. Mkono wake ulikuwa mkavu na wa moto kidogo, na mimi, mjinga, nikaupokea.

Wenzangu hawakunitukana hata mmoja. Afadhali wangenitukana. Walikuja hemani mmoja mmoja wakasema, "Pole, mzee, lakini ndivyo ilivyo," wakiwa wameshika barua zao za uafisa. Watu hawa hula kwa kubishania koma moja ya mkataba kwa mwaka mzima. Nimewaona wakiitetea haki ya njia ya ng'ombe kama kwamba mbingu zitaanguka. Lakini mbele ya mstari ule mmoja, uliochafuka waziwazi, wote waligeuka wapole kama kondoo. Ndivyo ilivyo. Sheria iliyotufundisha kuuliza kwa nini iliishia hapo, na hakuna aliyeuliza.

Nikuambie na ubaya wangu. Usiku ule nilimtazama Ansell akikunja nguo zake, na neno lilikuwa mdomoni mwangu. Ningeenda kwa Kanali nikasema: basi mpime na huyu. Ningeibomoa kanuni yao kwa jina la mwanamke wa Madras. Ni hoja nzuri, kila wakili angeitamani. Nililimeza, kwa kuwa siri haikuwa yangu na mwanamke yule hakuwa nyanya yangu.

Asubuhi Ansell akaniambia nifuatane naye. Hakusema tunakwenda wapi. Tulipoingia ofisini kwa Kanali, karani alikuwa ameshika kalamu. Ansell akasimama sawasawa akasema kwamba ikiwa Koplo Metzger hafai kwa kanuni ile, basi na yeye hafai, kwa sababu mama wa nyanya yake alikuwa mwanamke wa Madras, na yeye hatavaa sare kwa udanganyifu.

Kanali alimgeukia karani akasema, "Usiandike." Kisha akasema, "Ansell, nadhani una mafua, sauti imekukauka. Sikukusikia."

Ansell akarudia kwa sauti kubwa zaidi. Hata farasi nje wangeelewa.

"Bado sikusikia," akasema Kanali. "Nenda London ukapimwe sare."

Dada Keziah, huyu ndiye mtu ambaye mimi mwenyewe nimemwona akimkatiza shahidi aliyemnong'oneza mkewe upande wa pili wa mahakama. Panya akipita kwenye dari anamsikia. Siku ile akawa kiziwi kwa mtu aliyesimama mbele ya meza yake, kwa sababu mtu yule ni mweupe wa kutosha, jina lake ni la kutosha, na shule aliyosoma ni ya kutosha. Basi asili safi ya Ulaya ni kile ambacho kanali anakubali kukisikia. Mimi nilipita hapo na ngozi yangu, ambayo haihitaji masikio.

Nje, Ansell alisimama mbele yangu. Akaniuliza, "Nimesema. Nifanye nini zaidi?" Nikamjibu kwamba angeweza kukataa sare. Akasema akikataa, watu wake watapewa Fanshawe awaongoze, na wote watakufa wakielekea posta. Nilimgeuzia mgongo. Akaenda London akapimwa sare, nami sikumuaga.

Sasa nifike kwenye neno nililokuficha. Katika ile barua fupi ya Aprili nilikuambia nimelala na homa ya mafua. Sikuwa na mafua. Nilikuwa katika mahabusu ya kambi.

Nilifanya kwa makusudi. Kundi jipya lilipoletwa, nikaamriwa mbele ya kambi nzima nitoke mstarini nikawafundishe ramani. Nikasema, "Nakataa, Afande." Tulk alinisogelea akaninong'oneza, "Usiwe mpumbavu, Metzger. Chukua tepe zako ule mkate wako." Nikamwambia nimeshiba. Akanikamata kwa upole, kama anamkamata mkwewe.

Nililetwa mbele ya Kanali, kofia mkononi. Alitaka jambo lipite kimya: kufungiwa kambini kidogo, kukatwa mshahara kidogo, na nirudi kufundisha. Lakini mimi nami nimekisoma kile kitabu. Askari akitozwa mshahara wake ana haki ya kuikataa hukumu ya kamanda na kudai mahakama ya kijeshi. Nikadai. Nikasema nitajitetea mwenyewe, na shahidi wangu wa kwanza nitakayemwita atakuwa Kanali mwenyewe.

Aliuliza nitamuuliza nini. Nikajibu, "Nitakuuliza chini ya kiapo, Afande, kama masikio yako ni mazima."

Kalamu ya karani ikadondosha tone la wino kwenye karatasi.

Nilirudishwa mahabusu. Chumba chenyewe kilikuwa ghala la matandiko ya farasi, kina dirisha la ukubwa wa kofia. Sikupata kulala vizuri, wala sikujuta. Juma lililofuata mlango ukafunguliwa, akaingia luteni mpya, sare inang'aa, na mimi kwa desturi nikasimama. Alikuwa Ansell. Alikuwa ametoka kwenye kikosi chake kwa treni bila kunijulisha. Akaniambia, "Niite niwe shahidi. Nitasema tena, na safari hii karani ataandika." Nikamkumbusha kwamba atavuliwa sare ile na baba yake atamfukuza nyumbani. Akasema baba yake amekwisha kumfukuza, maana amekwisha kumwambia. Ndipo nilipompa mkono, nikaona haya kwa ule mgongo niliomgeuzia.

Nikajiandaa, Dada, kama sijapata kujiandaa kwa kesi yoyote. Niliyapanga maswali kichwani mpaka nikawa ninayasema ndotoni. Nilikuwa nimefika pale ambapo mtu hajali atashinda au atashindwa, mradi lisemwe kwa sauti, mlango ukiwa wazi, mbele ya watu walioapa.

Hawakunipa. Badala ya majaji akaja daktari, meja nisiyemjua. Hakuvuka kizingiti. Akaniuliza kama huwa nachoka nikipanda kilima. Nikamjibu kila mtu huchoka akipanda kilima, ndiyo maana kinaitwa kilima. Akaandika, akaondoka. Kesho yake nikaambiwa nina ugonjwa wa moyo, sifai tena kuwa askari, na kwa kuwa si askari, hakuna mashtaka, na kwa kuwa hakuna mashtaka, hakuna mahakama. Kifaa chake cha kusikilizia moyo hakikutoka mfukoni. Kikosi kizima cha wanasheria, wenye vitabu vya kujaza meli, kilimkimbia mtu mmoja aliyeomba kusikilizwa.

Tulk alinisindikiza hadi langoni akanibebea begi, kitu ambacho hakumfanyia hata mwana wa jaji. Akasema, "Nimelitumikia jeshi zaidi ya miaka ishirini. Sijaona moyo mbovu unaopanda kilima na mzigo wa mwenzake mgongoni." Kisha akanipigia saluti, mimi niliyevaa koti la kiraia. Sikujua nifanye nini, nikavua kofia.

Ansell yuko Ufaransa, mzima hadi sasa. Amenipa habari kwamba kila akiwaambia maafisa wenzake habari za Madras, wao hucheka wakidhani anafanya mzaha. Nao pia hawasikii.

Ninakuandikia haraka kwa sababu Claudius, yule mtoto wa Mchungaji anayesomea udaktari Edinburgh, alipita hapa juzi, nikamwambia nimeachishwa jeshi kwa ugonjwa wa moyo kabla sijamweleza mengine, naye alikuwa na treni ya kuwahi. Najua amekwisha kuandika kwao. Basi huenda hata kabla ya barua hii mke wa Mchungaji atakuwa amekuja kibarazani na leso mkononi kumlilia Mama. Mwambieni akunje leso yake. Nilikwenda kwa daktari wa kweli, Mfante mmoja wa Pwani ya Dhahabu anayefanya kazi hospitali ya huku. Alinisikiliza kifua kwa makini, akasema angependa wagonjwa wake wote wawe na moyo kama huu.

Ninarudi nyumbani kwa meli ya Julai. Nitafungua ofisi mjini, na wa kwanza nitakayemtetea ni yeyote aliyeambiwa kwamba hakusikika. Kuhusu Mama, nimebadili nia tangu nilipoanza kuandika. Msomee yote, na ile sehemu ya mahabusu uisome polepole. Kisha Jumapili asimame kanisani kama alivyosimama mwanzo, atangaze na hili, kwa sauti yake ileile, ili wa viti vya nyuma wasije wakasema hawakusikia.

Nisalimie Theodore, wabusu watoto, na Mungu awalinde nyote hadi nitakapobisha hodi.

Mdogo wako akupendaye,
Barnabas Metzger